Breki ya Mwenyekiti

Mwenyekiti hakujua kuendesha gari, na hakukubali hata siku moja kwamba hajui. Ukimuuliza, alikujibu, "Mimi naendesha watu. Gari ni kitu kidogo." Mimi ndiye niliyekuwa dereva wa hicho kitu kidogo. Nilimbeba miaka yote ya shirika, goti lake likigusa gia yangu, ugoro wake ukinipigisha chafya, na naweza kusema bila kuapa kwamba hakuna mtu niliyemdharau hapa duniani kama huyo. Watu huniambia ukizeeka hasira hupoa. Labda yao.

Jina lake silitaji, na si kwa heshima. Yeye mwenyewe hakulipenda. Mke wake alimwita Mwenyekiti, watoto wake walimwita Mwenyekiti, na nafikiri hata akisali alijitambulisha hivyo kwa Mungu, asije akachanganywa na wanachama wa kawaida.

Nieleze kwanza tulikuwa nani. Uhuru ulipoingia na wazungu wa huku Uasin Gishu wakaanza kuuza mashamba, sisi tuliotoka upande wa Nyeri tulichanga, tukaunda shirika, tukanunua shamba la mzungu mmoja nje ya Eldoret. Tulikuja na masufuria, kuku na watoto, tukaingia kwenye nyumba za wafanyakazi na kwenye stoo, tukingoja siku ya kupiga kura kila mtu apate kipande chake. Mpaka siku hiyo ifike, kila kitu kilikuwa cha wote: ng'ombe, trekta, pikapu kuukuu tuliyoinunua mjini, na trela ya mzungu.

Trela hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Ikijaa mahindi ilikuwa nzito kuliko pikapu yenyewe. Kupanda mlima ilivuta nyuma, na kuteremka ilisukuma mbele. Na kati ya shamba letu na barabara ya mjini palikuwa na mteremko mrefu wa udongo mwekundu, na chini yake daraja jembamba la mbao. Nikikanyaga breki, pikapu inataka kusimama, trela haitaki. Mzungu alikuwa ameitilia breki za umeme ndani ya magurudumu, na kisanduku cha kuziamrisha, chenye kijiti cha kuvuta kwa mkono, tulikikuta stoo kimeviringishwa kwenye gunia. Kwa hiyo nilichotaka maishani wakati ule kilikuwa kimoja tu: kisanduku kile kifungwe kwenye pikapu yetu, karibu na mkono wangu, kabla trela haijaua mtu. Sidhani niliomba makubwa.

Lakini kila kitu kilipitia kwa Mwenyekiti, na Mwenyekiti alipitia kwenye mikutano. Lo, mtu huyo alipenda mkutano! Kuku wa jirani akiingia kwenye maharagwe, mkutano. Mvua ikichelewa, mkutano. Tulikaa kwenye nyasi mbele ya nyumba ya mzungu, yeye kwenye veranda, amevaa koti zito la mvua ambalo mzungu alilisahau nyuma ya mlango. Alilivaa hata jua likiwa kali mpaka jasho likamtoka kidevuni. Kila hotuba aliianza kwa maneno matatu: "Kama si mimi." Kama si yeye, tungekuwa bado vibarua. Kama si yeye, mzungu angeuzia wengine. Nilimsikia siku moja akiwaambia watoto wa shule kwamba kama si yeye wasingekuwa na mwalimu, na mwalimu alikuwa amesimama pale pale, alikuja kwa miguu yake. Debe tupu haliachi kuvuma.

Na mbaya zaidi, hakuwa mwizi. Ningependa awe mwizi, ningemdharau bila kusumbuka. Wenyeviti wa mashirika mengine walijenga nyumba za mawe tukiwaona, wake zao wakanenepa. Huyu wetu alikula ugali na mboga kama sisi. Siku ya kura ya mashamba ilipofika, aliingiza mkono kwenye kofia kama mtu yeyote, akatoa kipande cha mawe matupu kule juu, penye upepo. Watu walimtazama. Akasema, "Kura ni kura," akakunja karatasi akaitia kwenye koti. Mimi ningelia. Hilo nampa, na simwongezi kitu.

Sasa, kulikuwa na jambo moja ambalo alilipenda kuliko koti, nalo ni kufuli mbili. Watu wetu walikuwa wameibiwa sana kabla ya shirika. Mtu anakusanya michango, kesho hayupo. Kwa hiyo tulipoingia shambani tuliweka sheria: stoo ya mahindi ina kufuli mbili, na ufunguo mmoja anao huyu, mwingine anao yule, na hakuna mtu hata mmoja ashike zote mbili. Ilikuwa sheria nzuri. Mahindi hayakupotea. Mwenyekiti aliitangaza kama amri ya kumi na moja, na wazee waliokuja kututembelea walioneshwa kufuli kabla ya kupewa chai. Maziwa yalipimwa na wawili. Dawa ya ng'ombe ilichanganywa na wawili, mmoja akishika chupa na mwingine akishika kijiko, na ng'ombe akingoja.

Basi tukapeleka pikapu mjini kwa fundi wa umeme wa magari aliyekuwa na karakana yake karibu na reli. Mwenyekiti akaja, na koti. Fundi akalala chini ya gari, akavuta waya mnene kutoka kwa betri, akaupitisha kwenye fyuzi, akauleta ndani. Waya mwingine akaupitisha chini ya bodi mpaka nyuma, akafunga plagi ya kuchomeka trela. Akatuambia kisanduku cha aina hiyo kwa kawaida huunganishwa pia na mafuta ya breki ya gari, mguu ukikanyaga, trela nayo inasikia. Lakini kile kibomba cha kuunganisha hakikuwemo kwenye gunia, na hapa Eldoret hakipatikani.

"Kwa hivyo itabaki hii ya mkono tu," akasema. "Ukivuta kidogo inashika kidogo. Ukivuta yote inafunga magurudumu yote ya trela. Dereva atazoea."

Akakishika kisanduku chini ya dashibodi, kushoto kwa usukani, pale mkono wangu ungekifikia bila mimi kutazama. Mwili wangu mzima ukatulia.

"Ngoja," Mwenyekiti akasema. "Hapo ni kwa nani?"

"Kwa dereva, Mzee."

"Na mimi niketi hapa kama gunia la viazi?"

Fundi akacheka. Alidhani ni mzaha. Mwenyekiti akapigapiga bati mbele ya magoti yake mwenyewe, kule mwisho karibu na mlango wa kushoto. "Weka hapa."

"Mzee, si huyu ndiye anaendesha?"

"Stoo yetu iko na kufuli ngapi?"

"Stoo gani?" fundi akauliza, maskini.

Akaelezwa. Alielezwa habari ya michango iliyoibiwa, habari ya funguo, habari ya maziwa na kijiko cha dawa, na mwishowe akaelezwa kwamba breki za shirika haziwezi kushikwa na mtu mmoja. Dereva ana breki za pikapu, zinamtosha. Za trela, ambayo ndiyo inabeba mali ya wanachama, zitashikwa na mwakilishi wa wanachama. Nikasema, "Mwenyekiti, hii si mahindi. Hii ni kilo na mteremko." Akanijibu kwa upole, ule upole wake wa kuchefua, kwamba anaelewa dereva anapenda madaraka.

Fundi akapangusa mikono. "Gari ni yenu," akasema. "Hata mazishi ni yenu." Akakifunga kule mlangoni. Kilifungwa vizuri, skrubu nne.

Nililipeleka jambo hilo mkutanoni. Nilisimama kwenye nyasi, nikaeleza kwa mikono, mkono wa kulia pikapu, mkono wa kushoto trela. Nikasema gari ni mwili mmoja, huwezi kumpa mtu mmoja mguu na mwingine mguu. Wakanisikiliza vizuri. Halafu Mwenyekiti akauliza swali moja tu: "Nani hapa anataka turudi kwa kufuli moja?" Ebo! Nani angeinua mkono? Walipoulizwa nani anaunga mkono breki ibaki kwa Mwenyekiti, mikono ikaota kama mahindi. Hata wa mke wangu Nyambura. Tulipofika nyumbani nikamuuliza kwa nini. "Kufuli mbili ni kufuli mbili," akasema, na akanipa chakula.

Tangu siku hiyo, bila Mwenyekiti trela haikutoka. Akiwa na harusi Nakuru, mahindi yanangoja. Akiwa amenuna, mahindi yanangoja. Siku moja alikuwa na homa, nikafikiri Mungu amenikumbuka na nitapata ruhusa ya kukihamisha, kumbe naona blanketi linakuja njiani linatembea lenyewe. Alipanda, akatetemeka mpaka mjini, akavuta kijiti kila penye mteremko, akatetemeka mpaka nyumbani. Wanachama walimsifu wiki nzima.

Niseme ukweli ingawa unaniuma: akitulia, alijua kuvuta. Alikuwa na mkono mwepesi, na trela ilishuka ule mteremko kwa adabu. Lakini alitulia mara ngapi? Alivuta kijiti ili asalimie watu. Alivuta akiona akina mama wa Kinandi wamebeba maziwa, aulize bei ya ndama. Alivuta akitaka kutilia mkazo neno alilosema. Tukibishana juu ya jambo lolote, hata juu ya mvua, aliweza kuvuta ghafla mpaka paji la uso wangu likagonga usukani, kisha akasema, "Nakukumbusha tu." Kunikumbusha nini? Kwamba yupo. Jitu zima linavuta breki ili lijulikane lipo.

Wakati wa mavuno mwaka mmoja, asubuhi, mvua ya usiku ikiwa imelowesha barabara, tulijaza trela. Juu ya magunia walikaa wanawake watatu waliokuwa wanapeleka kabichi sokoni, na mmoja alikuwa Nyambura. Nilimwambia aje akae mbele. Akasema mbele pamejaa koti.

Tulipofika kichwa cha mteremko, kando ya barabara walikuwa wamesimama watu wa shirika la jirani na mwenyekiti wao, yule aliyejenga nyumba ya mawe. Wetu alipomwona, akateremsha kioo, akatoa kichwa na mabega yote nje, akaanza kumtangazia mavuno yetu. Mimi nilikuwa tayari nimeanza kushuka, kwa gia ndogo, nikiisikia trela inaanza kuegemea mgongo wetu. Nikakanyaga. Matope. Pikapu ikateleza kidogo, ikashika, ikateleza.

"Mwenyekiti, vuta."

Hakunisikia. Alikuwa anahesabu magunia kwa kelele.

"Mwenyekiti, vuta!"

"Ngoja nimalize na hawa watu!"

"Vuta, we mzee, vuta!"

Nilijaribu kukifikia mwenyewe. Nilijinyoosha mpaka bega likalia, mkono mmoja kwenye usukani, na nikashika koti. Koti tu. Ndipo aliporudi ndani, akaliona daraja linakuja, akafanya kile mwoga hufanya: alikivuta chote mara moja, kwa mikono miwili. Magurudumu ya trela yakafunga, na kwenye matope kitu kilichofunga hakisimami, kinateleza kinakotaka. Nikaiona kwenye kioo inakuja ubavuni mwetu, kisha ikaenda mtaroni, ikapinduka. Wawili walirukia nyasi. Nyambura alirukia upande wa magunia.

Tulimpeleka hospitali ya misheni. Walimtibu vizuri, siwalaumu hata kidogo. Lakini goti lililokaa chini ya mahindi ya shirika zima halikukunjika tena. Alikuwa mwanamke wa kutembea. Alitembea kutoka kituo cha reli mpaka shambani siku tulipohamia, mtoto mgongoni, akiimba. Tangu hapo aliuvuta mguu huo nyuma yake kama mti, na kuchuchumaa kukamua ng'ombe kukawa ni jambo la watu wengine.

Mnadhani Mwenyekiti alifanya nini? Aliitisha mkutano. Akasimama verandani akashukuru Mungu. "Kama si mimi kuvuta," akasema, "saa hii tungekuwa tunatafuta maiti kwa mto." Na watu wakaitikia amina! Nilisimama nikaondoka, na mwenye akili mmoja akanifuata akaniambia niwe na shukrani, mke wangu yuko hai. Baada ya siku chache tu wakakubali, bila kelele, kwamba kisanduku kihamishwe. Yule fundi alifungua skrubu zake, akakileta upande wangu, akaongeza kipande cha waya, akamaliza kabla chai yake haijapoa. Mwenyekiti naye akaacha kupanda pikapu, alisema ina baridi.

Baadaye kila mtu akahamia kipande chake, shirika likafa kama mashirika yanavyokufa, na veranda ikawa ya mtu mwingine. Nilimwona kwa mbali miaka kadhaa, sokoni, kanisani, akijaribu kuwa mwenyekiti wa jambo fulani. Nilivuka barabara. Usiku nililala nikitunga maneno nitakayomwambia siku tukikutana uso kwa uso. Niliyapanga, nikayanoa. Nyambura aliyajua maneno hayo, kwa sababu wakati mwingine niliyasema kwa sauti nikikata miti ya ua.

Akaja mwenyewe. Ilikuwa alasiri, miaka ya sabini inaishia, nami niko nje natengeneza mlango wa zizi. Nikaona mzee mwembamba anapanda njia, koti limebaki nyuzi. Alikuwa anazunguka kwa wanachama wote wa zamani. Alikuwa na wazo kwamba tuwe tunakutana kila mwaka kumshukuru Mungu kwa shamba, na kwamba itahitajika, unajua, mtu wa kuongoza. Nilifungua kinywa nianze. Nyambura akatokea mlangoni akasema, "Karibu ndani, Mzee. Chai iko."

Akaingia, akaketi kwenye kiti changu. Msije mkafikiri alikuwa amepoteza akili. Alikumbuka kila kitu. Alikumbuka majina ya ng'ombe wa mzungu. Alikumbuka nani alipata kipande gani na mke wa nani alilalamika. Alikumbuka hata fundi. "Na ile breki yangu!" akasema, akipiga goti, akicheka. "Niliwashika pale mteremkoni siku ile! La sivyo tungeenda mtoni sisi wote. Dereva, si unakumbuka?"

Nikasema nakumbuka.

Nyambura akainuka kuchukua birika. Akauvuta mguu wake kutoka kiti mpaka jikoni, na kutoka jikoni mpaka mezani, na mzee alimwangalia njia nzima kwa huruma, huruma ya kweli, niliiona machoni.

"Pole sana, mama," akasema. "Huo mguu uliumia wapi?"

Niliweka kikombe chini. Maneno yangu yote ya miaka yote yalikuja mara moja, yakajaa mdomoni, na nikamtazama mke wangu ili aanze yeye, kwa sababu ni haki yake.

"Nilianguka, Mzee," Nyambura akasema.

"Wapi?"

"Hapa shambani."

"Pole. Shamba ni kazi."

"Ni kazi," akasema, akamwongezea chai.

Alipomaliza, alitaka kuomba kabla ya kuondoka. Akasimama, akakunja mikono, akaombea boma, ng'ombe, serikali, na mkutano wa shukrani. Kisha akauombea ule mguu. Aliuombea kwa muda mrefu, kwa sauti ya zamani, akimsihi Mungu amkumbuke huyu mama aliyeanguka akitafutia watoto chakula. Nyambura alifumba macho. Akasema amina.

Nilimngoja mzee apotee nyuma ya ua. Kisha nikamgeukia mke wangu.

"Kwa nini hukumwambia? Alikuuliza! Alikuuliza kwa mdomo wake!"

Nyambura alikuwa anakusanya vikombe.

"Ningemwambia, angeanguka hapa chini, alie, aniombe msamaha," akasema. "Si unamjua? Na mimi ni mtu wa kanisa. Akiomba, lazima nimpe."

"Sasa?"

"Sasa sikutaka kumpa." Akachukua kikombe cha mzee, akamwaga masazo nje ya dirisha. "Hao ng'ombe wamekunywa maji?"